Taa ya Wati Kumi na Tano

Kabla ya kuandika habari za ile taa, niseme kwanza kwamba mambo ya umeme siyajui. Nilisoma mpaka mwaka wa sita wa shule ya msingi, kule Uvira, na mwaka wenyewe ulikuwa na likizo nyingi kuliko masomo. Ninayoyajua juu ya tyubu na wati niliyasikia kwa bwana yangu, na mengine kwa muuguzi wa kituo cha afya. Kama kuna mahali nimekosea, kosa ni la masikio yangu, si lao.

Tulikuwa tunakaa Bugarama, Rwanda, kando ya barabara inayoshuka kwenda Ruhwa. Bwana yangu alikuwa fundi wa mashine kwenye kinu cha mpunga, akirudi nyumbani na pumba mpaka ndani ya nyusi. Mimi nilikuwa na mtoto wetu wa kwanza, msichana, bado mchanga, shingo ndiyo kwanza inakaza. Vita vya Kongo vilikuwa vimeanza mara ya pili. Baba mkwe wangu alivuka mpaka akaja kwetu na begi moja, redio isiyo na betri, na kikohozi.

Kikohozi kilikuwa kifua kikuu. Walimpima, wakampa dawa, na kila asubuhi alitembea mpaka kituo cha afya kuzimeza mbele ya muuguzi, mama mmoja mnene mwenye sauti ndogo. Huyo mama alituambia Mzee ale vizuri, afunike mdomo akikohoa, na dirisha la chumba chake likae wazi mchana. Ya kwanza tuliyaweza. La dirisha lilitushinda, kwa sababu Mzee mwenyewe alikuwa amelipigilia mbao siku aliyofika.

“Dirisha wazi ni mulango ya muntu mubaya,” alisema, na nyundo ikiwa bado mkononi.

Sikumlaumu na simlaumu leo. Hata sisi miaka ile tulifunga nyumba jua likiwa bado liko, maana kulikuwa na watu waliotoka porini. Lakini yeye aliona kitu kupitia dirisha fulani huko alikotoka. Hakutuambia, na hatukuuliza.

Kitu alichokitaka Mzee tulikijua wote: kumbeba mtoto. Alizaa watoto wengi, na wakati ule bwana yangu ndiye aliyebaki. Huyu wetu alikuwa mjukuu wake wa kwanza. Na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa amejikataza. Alisimama kwenye mlango wa sebule, kitambaa mdomoni, akamwangalia kutoka mbali kama mtu anayeangalia ng’ombe wa jirani. Mimi nilimwinua mtoto juu ili amwone.

“Anafanana nani?” aliuliza.

“Mzee, karibia uangalie mwenyewe.”

“Hapana. Nikimaliza dawa.”

Dawa zilikuwa za miezi mingi, na mtoto hangoji. Alianza kucheka, Mzee hakuona kwa karibu. Alianza kushika vidole, hakushika vyake. Kila jioni niliona jinsi alivyoondoka pale mlangoni, polepole, kitambaa bado kiko mdomoni hata akiwa amefika nje peke yake.

Inabidi nieleze na desturi yetu, kwa maana bila hiyo haya mengine hayaeleweki. Mukazana, yaani mke wa mtoto wa kiume, hatamki jina la baba mkwe. Haingii chumbani kwake, hakai juu ya kitanda chake, hamwangalii machoni sana. Wenzangu wengi waliokulia mjini walikuwa wamelegeza mambo hayo, lakini Mzee alikuwa mtu wa milimani, na mimi nilitaka kuwa mukazana mzuri. Chakula chake nilikiweka kwenye kigoda mlangoni, nikabisha, nikaondoka. Kufagia chumba chake ilikuwa kazi ya bwana yangu. Kwa hiyo ndani ya chumba kile, kilichokuwa ndani ya nyumba yangu, sikuwa nimetia mguu tangu Mzee aingie.

Siku moja bwana yangu alirudi kutoka Kamembe na kitu kirefu kimefungwa kwa magazeti na majani ya migomba. Alikibeba kwa mikono miwili kama anavyobebwa mtoto wa kubatizwa.

“Ni nini?” nilimuuliza.

“Taa.”

“Taa si tuko nayo?”

“Ile ni ya kuonea. Hii ni ya kuua mikrobi.”

Aliifungua juu ya meza. Ilikuwa kama neoni ya dukani, umbo lile lile, vichwa vile vile vya chuma na miguu miwili miwili. Lakini neoni ina unga mweupe ndani, hii haikuwa nao. Kioo kilikuwa kitupu kabisa, unaona ndani mpaka mwisho.

“Hii ni neoni iliyonyolewa,” nilisema. Alicheka, akasema ndivyo hasa ilivyo, ule unga ndio unaofanya mwanga uwe wa kawaida, na bila unga inatoka miale ya ultraviole, ambayo macho hayaioni. Maabara na vyumba vya upasuaji wanaitumia. Aliyemuuzia alisema ilitoka kwenye maabara iliyofungwa upande wa Bukavu. Imefungwa vipi, na vitu vyake vilitokaje, sijui, na sitaki kusema neno nisilolijua.

Sitaki pia kumwonea yule muuzaji. Alimweleza bwana yangu vizuri. Alikuwa na tyubu mbili, ya wati thelathini na ya wati kumi na tano, na angeweza kumsukumia ile kubwa. Alimwambia kwa chumba kidogo kumi na tano zinatosha. Alimwambia atafute balasti ya wati zile zile, kile kisanduku kizito kinachotuliza umeme kabla haujafika kwenye tyubu, kwa sababu balasti ya tyubu kubwa inaila tyubu ndogo upesi. Na alimwambia taa ikiwaka mtu asikae ndani. Hilo la mwisho bwana yangu alilisikia, akalirudia mbele yangu na mbele ya baba yake.

Lakini aliongeza la kwake, kutuondoa woga. “Wati kumi na tano tu,” alisema, akaonyesha balbu juu yetu. “Ile ampuli ya sebule ni sitini, na tunakulaka chini yake kila siku. Hii haiwezi kuunguza hata karatasi.”

Nilimwamini. Hesabu ilikuwa wazi: kumi na tano ni ndogo kuliko sitini. Kwenye kichwa cha tyubu kulikuwa na maandishi madogo kwa lugha ambayo hakuna aliyeijua kati yetu, tukaona ni jina la kiwanda.

Aliifunga ukutani chumbani kwa Mzee, usawa wa kichwa cha mtu aliyesimama, na kitufe cha kuwashia akakiweka nje, pembeni ya mlango, ili kisimlazimu mtu kuingia. Mpango ulikuwa huu: Mzee akienda kumeza dawa, mimi nabonyeza. Akikaribia kurudi, nazima, mlango unafunguliwa, harufu inatoka, kisha anaingia. Harufu ilikuwepo kweli, kama ya hewa radi ikishapita karibu. Chini ya mlango ulionekana mstari wa bluu, mzuri sana, na mtoto mgongoni kwangu alinyoosha mkono kuutaka.

Tuliishi hivyo kwa muda. Mzee aliuliza maswali machache, akitazama ukuta.

“Inaua kabisa?”

“Inaua, Baba.”

“Ile ya kifua kikuu pia?”

“Hata hiyo.”

Aliitikia kwa kichwa, macho bado ukutani. Bwana yangu aliona amekubali. Mimi pia niliona hivyo.

Siku yenyewe nilikuwa nimeshazima taa na Mzee amesharudi, nikaenda kufua kwenye bomba. Foleni ilikuwa ndefu. Niliporudi na beseni kichwani, mstari wa bluu ulikuwa chini ya mlango. Nilishtuka. Nilifikiri ni mimi niliyesahau, au kidole kiliteleza. Kumwita Mzee kwa sauti sikuthubutu, na kigoda chake hakikuwa mlangoni, nikaona amekwenda nacho kukaa nyuma ya nyumba kwenye kivuli. Nilizima, nikaendelea kuanika nguo.

Alikuwa ndani, na kigoda pia; hilo nililijua baadaye. Alikaa kimya gizani, mbao dirishani, akifikiri umeme umekatika. Alingoja urudi. Baadaye alichoka kungoja, akatoka, akanisalimia, akala muhogo wake vizuri.

Jioni, jua likizama upande wa Kongo, nilisikia sauti yake kutoka chumbani. Haikuwa kikohozi.

“Nani amenitia muchanga ndani ya macho?”

Bwana yangu alikuwa ndiyo kwanza anavua viatu. Aliingia mbio. Mimi nilibaki kwenye mlango, mtoto mikononi, nikiangalia sakafu, nikimwona kwa pembe ya jicho tu. Mzee alikuwa amekaa kitandani, viganja juu ya macho, machozi yanapita kati ya vidole. Paji la uso na kifua vilikuwa vimeiva, ngozi inang’aa kama ya mtu aliyeinamia jungu siku nzima.

“Baba, uliwasha ile taa ukiwa ndani?”

Mzee alikandamiza viganja machoni.

“Baba.”

“Nilikuwa naota ile jua yako.”

“Jua gani?”

“Ile ya ukuta. Nilifungua shati, nikaigeuzia kifua. Nikaiangalia.”

“Si nilisema muntu asikae ndani?”

“Ulisema. Lakini weye unisikilize.” Aliongea macho yamefungwa, uso ameugeuza upande ambao mwanawe hakuwepo. “Ulisema inauaka mikrobi. Mikrobi yangu iko ndani ya kifua, haiko kwa ukuta. Sasa kwa nini tunatunza ukuta, mimi mugonjwa munanifukuza inje?”

Mimi, Mungu anisamehe, nilitaka kucheka, na hapo hapo machozi yalinijia. Kule milimani, mgonjwa wa kifua anatolewa nje asubuhi, anafunguliwa nguo, jua linamfanyia kazi. Mzee hakuwa mjinga. Alichukua dawa ya kwao akaiunganisha na dawa ya mwanawe. Alitaka apone upesi, na sisi wote tulijua haraka yake ilikuwa ya nini.

“Mutoto sijamuona bado karibu,” alisema sasa kwa sauti ndogo. “Na macho ndiyo hii imekwisha.”

Bwana yangu alimwambia haijaisha, ni kama macho ya watu wa kuchomelea vyuma, amewaona kule kinuni, wanaangalia ule moto bila kioo na jioni wanalia, kisha inapita. Lakini alipotoka alinivuta jikoni, akaniambia jingine. “Wale ni bijana. Na wanaangaliaka kidogo tu. Baba ameikazia macho. Sijui. Sijui.” Kisha akarudia, kama anayegombana na mtu: “Wati kumi na tano tu!”

Kituo cha afya kilikuwa kimefungwa na njia ya usiku haikuwa ya kupita mtu. Kuna dawa moja ambayo wachomelea vyuma wa kwetu wanaijua, Kongo na Rwanda: maziwa ya mama anayenyonyesha. Mama anakamulia jichoni, moja kwa moja, hata kwa jirani. Lakini kwa baba mkwe? Nilikamua kwenye kijiko chumbani kwangu, mlango umefungwa, nikampa bwana yangu apeleke.

Hakuweza. Mikono ya kufungua mashine za kinu, inayotengeneza kitu kisichotengenezeka, usiku ule ililikosa jicho. Nilisikia Mzee akilalamika.

“Unaninawisha shingo. Macho iko huku juu.”

“Baba, fungua.”

“Siwezi kufungua, inauma. Acha.” Halafu: “Lete mwenye maziwa.”

Bwana yangu alitoka akaniangalia. Nilimpa mtoto, nikafunga kitenge vizuri, nikasimama kwenye mlango ule. Nilikuwa na aibu kuliko siku ya harusi.

“Mukazana,” alisema Mzee, “ingia. Mimi ndiyo nimesema.”

Niliingia. Chumba kilikuwa kidogo kuliko nilivyofikiri. Juu ya begi lake kulikuwa na gauni la mwanamke, limekunjwa vizuri, la mke wake aliyezikwa kule. Nilipiga magoti pembeni ya kitanda, nikamwomba ruhusa, nikashika kope zake kwa vidole viwili. Zilikuwa za moto, zimevimba. Nilidondoshea jicho la kwanza kwa kile kijiko. Aliuma meno. Nilidondoshea la pili.

“Samahani, Mzee.”

“Hapana samahani.” Alivuta pumzi. Maziwa yalishuka yakafika kwenye midomo, na akayalamba bila kujua, kisha akajua. Niliona ndevu zinatikisika. “Sasa nimenyonya mahali moja na ule mutoto,” alisema. “Kuanzia leo nitakuitaka Maman.”

Nyuma yangu bwana yangu alicheka kicheko cha mtu aliyebana pumzi muda mrefu. Mimi nilicheka pia, na tone lililobaki likamwagika juu ya blanketi.

Tulimfunika macho na kitambaa kilicholowa maji ya mtungi. Hakulala, na sisi hatukulala.

Asubuhi bwana yangu alimwongoza kwa mkono mpaka kituo cha afya. Mimi niliwafuata na mtoto mgongoni. Muuguzi alimwangalia, akasikiliza habari yote, na hakutufokea, jambo ambalo nilikuwa nimejiandaa kwalo. Alisema ni jicho limeungua kwa juu, kama ngozi inavyoungua, na jicho linajiganga lenyewe upesi likikaa gizani. Kuhusu maziwa alisema kwa upole kwamba si dawa, yanaweza hata kupeleka uchafu, maji safi na kitambaa baridi vinatosha. Kwa hiyo siwezi kuandika kwamba maziwa yangu ndiyo yaliyomponya. Ninaandika tu kwamba yalitiwa.

Bwana yangu alimuuliza swali alilokesha nalo. “Ilikuwa wati kumi na tano. Ampuli yetu ni sitini.”

Muuguzi alisema wati zinaeleza umeme unaoliwa, hazielezi kinachotoka. Ampuli ya sitini sehemu kubwa inatoa joto, na mwanga tunaouona. Ile tyubu, kidogo inachokula, sehemu kubwa inakigeuza kuwa miale ile ya kuchoma. Na jicho likiona mwanga mkali linajifunga lenyewe, lakini ile miale halikuiona, kwa hiyo lilibaki wazi likiungua. Wanaojua kuitumia wanaifunga juu sana na kuikinga kwa chini ili iangaze dari tu, au wanaiwasha chumba kikiwa hakina mtu, hakina mnyama, na mlango una kufuli. Si kitu cha nyumbani. Alisema tumletee, na tuibebe bila kuivunja kwa maana ndani ina zebaki, akawape wanaojua pa kuipeleka. Tuliipeleka, imefungwa kwa magazeti yale yale.

Halafu alimgeukia Mzee, ambaye alikaa kitambaa usoni, mikono juu ya magoti.

“Nani alikukataza kumbeba mjukuu?”

“Mimi mwenyewe.”

“Umemeza dawa bila kukosa tangu uanze. Makohozi tumepima tena juzi, hayana kitu. Niliacha kukuogopa zamani, Mzee, nakaa na wewe hapa kila siku. Mtoto amechanjwa. Kaa naye nje, penye hewa, mbebe. Na hizo mbao zitoke dirishani, hiyo ndiyo taa yako.”

Sijui kwa nini hakuwa ametuambia mapema. Labda alituambia na sisi hatukusikia, au alifikiri tunajua. Hatukumuuliza, ndiyo kweli.

Mbao bwana yangu alizitoa siku ile ile, na badala yake alitia nondo na wavu wa mbu. Mzee, kitambaa usoni, alikaa akisikiliza kila msumari ukilia. Hakukataza. Aliuliza tu kama nondo ni nene.

Siku iliyofuata aliona vivuli. Iliyofuata tena, asubuhi, nilikuwa nachagua mchele nyuma ya nyumba alipotoka mwenyewe bila kushikwa. Macho yalikuwa mekundu, madogo, yanajaa maji, lakini yalikuwa wazi. Ngozi ya paji ilikuwa inabanduka kama ganda la kitunguu. Alikaa kwenye kigoda, akafunika mdomo na kitambaa, kisha akakiangalia kile kitambaa, akakiweka juu ya goti.

“Maman,” alisema. “Lete.”

Nilimfungua mtoto mgongoni. Nilikuwa bado na woga, siwezi kuficha. Nilisikia maneno ya muuguzi kichwani na bado mikono yangu ilichelewa. Mzee aliona, akangoja, hakuharakisha. Nikampa.

Alimshika vibaya mwanzoni, kama mtu aliyesahau, halafu kiwiko kilikumbuka. Mtoto alimwangalia yale macho mekundu bila kulia. Mzee naye hakumwangalia usoni kama nilivyotegemea. Alimgeuza kidogo, akasogeza kofia ya sufu, akainama karibu sana, kwa sababu bado hakuona vizuri, akaangalia sikio. Akamgeuza, akaangalia na la pili.

“Unaona hii masikio?” aliniuliza.

“Naona, Mzee.”

“Hii masikio niliizika kule.” Nilikumbuka lile gauni juu ya begi.

Aliendelea kumshika mpaka mtoto akalala, na mpaka jua likafika miguuni pake. Niliposimama nimchukue alinyanyua kichwa akasema bado, kwa hiyo nilirudi kwenye mchele wangu.